Kuwajulisha Watoto Miungu ya Wagiriki wa Kale: Niliyojifunza Nikilea Athens

Katika shule za msingi za Ugiriki somo la historia huanza darasa la tatu, na mwaka huo wa kwanza mtoto hasomi habari za wafalme wala za vita vyenye tarehe, bali husoma jinsi Uranus alivyopinduliwa na mwanawe Kronos, Kronos naye akapinduliwa na mwanawe Zeus aliyekuja kuwa mkuu wa miungu, kisha husoma habari za Herakles, Theseus, safari ya merikebu Argo, vita vya Troy na misukosuko iliyompata Odysseus aliporejea kwao. Mzazi mgeni hana hiari katika jambo hili. Sisi tuliotoka Tanga tukahamia mtaa wa Kypseli, hapa Athens, tulijua mapema kwamba binti yetu akitimiza miaka minane, miungu ya Wagiriki wa kale itaingia nyumbani ndani ya mkoba wa shule, na kazi yetu itakuwa kuamua ipokewe vipi.

Binti huyo amekwisha kulipita darasa hilo, na sasa ninamsimulia mdogo wake wa kiume ambaye bado hajalifikia. Lililonithibitikia kwa wote wawili ni kwamba mtoto huishika miungu hii kwa ugomvi wake na kwa mahali ugomvi huo ulipotokea. Orodha ya majina na kazi humtoka kichwani mara tu mtihani unapokwisha.

Karibu kila bango la watoto linalouzwa katika maduka ya vitabu hapa hupangwa kwa namna moja: Zeus na radi, Poseidon na mkuki wa ncha tatu, Athena na bundi, Hermes na viatu vyenye mabawa, na kadhalika mpaka watimie kumi na wawili. Binti yangu alilikariri bango lote bila kukosea, na siku chache baadaye akawa hawezi kunieleza tofauti ya Apollo, mungu wa muziki na unabii, na Ares, mungu wa vita, kwa kuwa wote wawili aliwaona ni vijana walioshika silaha. Isitoshe, orodha yenyewe haijapata kutulia. Wengine humhesabu Hestia, mlinzi wa meko ya nyumbani, na wengine humweka Dionysus, mwenye mvinyo. Katika ukanda wa michongo uliozunguka hekalu la Parthenon, uliochongwa katika karne ya 5 KK, miungu kumi na miwili imekaa vitini ikitazama maandamano, na Dionysus yumo ilhali Hestia hayumo. Hades, ndugu wa Zeus wa baba mmoja na mama mmoja, haonekani hapo, kwa sababu makazi yake ni kuzimu, si mlima Olympus wanakokaa wenzake. Binti yangu alipoona kwamba hata wachongaji wa kale walilazimika kuchagua nani akae na nani aachwe, alianza kuuliza kwa nini, na swali hilo lilimfikisha mbali kuliko bango.

Kwa hiyo tulianzia kilimani. Acropolis, kilima chenye hekalu la Parthenon, inaonekana kutoka sehemu nyingi za mji huu, na hadithi ya kwanza niliyomsimulia ni ya shindano la Athena, mungu wa kike wa hekima, na Poseidon, mungu wa bahari, waliogombea mji huu uwe wa nani, kwa kuwa inaeleza mji wenyewe ulipataje jina lake. Poseidon aliupiga mwamba kwa mkuki wake, ikatoka chemchemi ya maji ya chumvi; Athena akaotesha mzeituni. Upande wa kaskazini wa kilima, kando ya jengo la Erechtheion, upo mzeituni hadi leo. Nilimwambia mtoto waziwazi kwamba mti huo ulipandwa katika karne ya 20, maana mtoto akija kugundua mwenyewe kuwa amedanganywa katika jambo dogo hatakusikiliza tena katika makubwa. Nilimwambia pia habari aliyoiandika Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale, kwamba Waajemi walipouteketeza mji mwaka 480 KK mzeituni wa Athena uliungua pamoja na hekalu, na waliopanda huko baada ya moto walikuta kisiki kimekwisha kuchipua tawi lenye urefu wa dhiraa moja.

Baba yao ni baharia, na mwanangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa mdogo sana, alishika upande wa Poseidon bila kusikiliza hoja yoyote. Dada yake alimjibu kwamba maji ya chumvi hayanyweki. Ubishi huo waliuendeleza wakishuka ngazi, wakauendeleza ndani ya basi, na mimi sikuona haja ya kuukata, kwani walikuwa wanafanya kile ambacho wenyeji wa kale wanasemekana waliombwa kufanya, yaani kupima zawadi mbili na kuchagua. Yapo masimulizi ya mwandishi Mroma Varro, yaliyohifadhiwa na Mtakatifu Augustino, yanayosema kwamba shauri hilo lilipigiwa kura na watu wote wa mji, wanaume wakamchagua Poseidon, wanawake wakamchagua Athena, na kwa kuwa wanawake walizidi kwa mmoja tu, Athena akashinda. Poseidon alipoghadhibika na kuifurikisha nchi kwa mawimbi, wanaume walimtuliza kwa kuwaadhibu wanawake: wasipige kura tena, watoto wasiitwe kwa jina la mama, na wao wenyewe wasiitwe Waathene. Binti yangu alilipokea hilo kwa hasira ya kweli. Akauliza: iweje mungu wa kike ashinde na waliomshindisha waadhibiwe? Sikuwa na jibu la kumtuliza, na sikulitafuta, kwa sababu wanawake wa Athens ya kale hawakuwa na kura kweli, na hadithi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitumiwa kueleza kwa nini.

Suala la dini lilikuja kwa simu. Mama yangu huzungumza na wajukuu wake kutoka Tanga karibu kila juma, na binti, baada ya shikamoo na utani wao wa kuitana wake wenza, alimmwagia bibi yake habari za Kronos aliyemeza watoto wake. Mama akaomba apewe mimi.

“Mwanangu, huyo mtoto anafundishwa miungu? Mungu si mmoja?”

“Ni mmoja, mama. Hizi ni ngano za watu wa kale, ndizo wanazoanzia shuleni.”

“Kama ni ngano, basi mwanzie kama ngano. Mbona wewe ulipokuwa mdogo hukuingizwa katika hadithi bila hodi?”

Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo kila hadithi ya miungu nyumbani kwetu hufunguliwa kwa namna ya kwetu: mimi husema “Hadithi, hadithi!” nao huitikia “Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!” Mtoto akishatamka kwa kinywa chake kwamba uongo na uje, amekwisha kuelewa anaingia wapi, na hakuna haja ya mzazi kukatiza simulizi kila mara ili kumkumbusha kwamba haya hatuyaamini. Majirani zetu Wagiriki, ambao wengi ni Waorthodoksi na huwasha kandili mbele ya picha za watakatifu, wamelimaliza jambo hili zamani kwa namna yao wenyewe. Watoto wao huitwa Athina, Dimitra na Aris, yaani Athena, Demeter na Ares, huku wamevaa msalaba, na hakuna anayeona ajabu. Darasa hilo hilo la tatu ndilo linaloanza pia somo la dini.

Hata hivyo utangulizi wa ngano haukumaliza maswali, na swali zito kuliko yote liliulizwa na binti yangu, ambaye husoma Kurani na alikwisha kusikia habari za Nabii Ibrahim alivyoyavunja masanamu ya watu wake. Alitaka kujua kama Wagiriki wa kale nao walijua kuwa ni uongo. Hapo ilinibidi kutenganisha mambo mawili ambayo vitabu vingi vya watoto huyachanganya, yaani hadithi na ibada. Hadithi za miungu ziliweza kusimuliwa kwa namna nyingi zinazopingana, lakini ibada ilikuwa kazi ya kweli ya watu wa kweli: walijenga mahekalu, walichinja, walitoa nadhiri, na waliogopa kuacha. Nilimjibu kwamba waliyaomba masanamu hayo kwa dhati, na kwamba tunaweza kujifunza waliyoyafanya bila kuyafanya sisi.

Nilichokigundua ni kwamba watoto hupenda habari za ibada kuliko nilivyotarajia, mradi zisimuliwe kwa vitendo. Walipenda kusikia kwamba katika kuchinja, nyama ililiwa na watu huku mifupa iliyofunikwa mafuta ikichomwa ili moshi upande juu, na kwamba mgawanyo huo ulielezwa kwa hila ya Prometheus, mjanja aliyewapendelea wanadamu, ambaye alimpangia Zeus mafungu mawili, moja nyama nzuri iliyofichwa ndani ya tumbo la ng'ombe, jingine mifupa mitupu iliyopambwa kwa mafuta meupe, na Zeus akachagua la mafuta. Zaidi ya hilo walipenda habari za wasichana wa Athens walioitwa arrephoroi, wenye umri wa miaka saba hadi kumi na mmoja, waliochaguliwa kutoka familia kubwa za mji na kuishi kwa muda karibu na hekalu la Athena. Walishiriki kuanza kulifuma vazi la sanamu ya mungu huyo, na usiku wa sikukuu yao walijitwika kichwani vitu ambavyo wao hawakuvijua wala kuhani aliyewapa hakuvijua, wakashuka navyo kwa njia ya chini ya ardhi na kurudi na mzigo mwingine uliofunikwa. Binti yangu alikuwa wa rika lao. Aliuliza kama kuna aliyewahi kuchungulia, na bila kujua alikuwa ameifikia hadithi nyingine ya kilima hicho hicho, ya mabinti wa mfalme Kekrops waliofungua kikapu walichokatazwa na Athena, wakaona nyoka, na wakajirusha kutoka juu ya mwamba.

Habari kama hizo humfanya mzazi asite. Miungu hii haina adabu: baba anameza watoto, mama anamtupa mwanawe, mjomba anamwiba binti wa ndugu yake. Vipo vitabu vilivyosafishwa ambamo Kronos anawafungia tu watoto wake chumbani, na mimi nilivijaribu kisha nikaviacha, kwa sababu hadithi iliyosafishwa haisimami; kama hakuna kumeza, hakuna jiwe lililovikwa nguo za mtoto, na kama hakuna jiwe, Rhea, mama yao aliyempa Kronos jiwe hilo alimeze badala ya Zeus, hana akili wala Zeus hana wokovu. Nilipowasimulia kama ilivyo, pamoja na wapiga ngao wa Krete waliofanya kelele ili kilio cha mtoto kisisikike, hakuna aliyeota ndoto mbaya. Walichotaka kujua ni jiwe lilikwenda wapi. Jibu lipo: Pausanias, aliyesafiri nchini humu katika karne ya 2, aliandika kwamba huko Delphi alionyeshwa jiwe lisilo kubwa ambalo watu walilimiminia mafuta kila siku, na kwamba ilisemekana ndilo Kronos alilolitapika.

Hephaestus, mhunzi aliyechechemea, ndiye aliyewagusa zaidi. Katika utenzi wa Homer wa vita vya Troy, mahali pamoja inasemwa kwamba Hera, mama yake, ndiye aliyemtupa kwa kuona aibu ya kilema chake, na mahali pengine inasemwa kwamba Zeus alimshika mguu akamrusha, akaanguka mchana kutwa mpaka jua lilipozama akatua kisiwani Lemnos. Mtoto wangu alidhani mwalimu amekosea kwa kusimulia la pili baada ya yeye kusikia la kwanza kwangu. Nilimwonyesha kwamba yote mawili yamo katika utenzi mmoja, nikamkumbusha kuwa hata hadithi za Sungura bibi yake huzisimulia tofauti na jirani yake. Baadaye tulikwenda kwenye hekalu la Hephaestus lililo juu ya uwanja wa soko la kale, ambalo ni miongoni mwa mahekalu ya Kigiriki yaliyosalia vizuri kuliko yote, na binti alitembea kulizunguka akihesabu nguzo, akaniambia kuwa aliyetupwa ndiye aliyebakiwa na nyumba nzima. Sikuongeza neno.

Kuhusu Persephone, binti wa Demeter mungu wa kike wa nafaka, aliyechukuliwa na Hades akapelekwa kuzimu, tulikwenda Elefsina, yaani Eleusis ya kale, umbali wa kilomita 20 hivi magharibi ya Athens. Asitarajie mtu mashamba ya ngano. Siku hizi ni mji wa viwanda, una matangi ya mafuta na mabaki ya meli zilizozama nusu ghubani, na magofu ya hekalu la Demeter yamo katikati ya hayo yote. Kwa watoto hilo halikupunguza chochote. Lipo pango lenye giza ambalo liliheshimiwa kama mahali pa Hades, na karibu na lango la kale kipo kisima cha mawe, nasi tuliketi hapo nikawasimulia jinsi Demeter, baada ya kumtafuta binti yake siku tisa akiwa na mienge mikononi, alivyojigeuza ajuza akakaa kando ya kisima, na mabinti wa mfalme Keleos walivyokuja na mitungi ya shaba kuchota maji, wakamsalimu na kumkaribisha kwao kwa heshima wasijue ni nani. Watoto wetu, wanaofunzwa kutompita mtu mzima bila salamu, walilielewa tendo hilo mara moja.

Sehemu ngumu ni kwamba Zeus, baba wa Persephone, alikubali aolewe na Hades bila kumwuliza mama wala binti mwenyewe. Nilitumia neno lenye ukweli, nikasema aliibwa. Binti yangu aliuliza kwa nini hawakumwuliza, akauliza kama jambo hilo bado hufanyika, na mazungumzo yaliyofuata kuhusu posa, ridhaa na nani wa kumwambia mtu akikulazimisha yalikuwa mepesi kwangu kuliko kama ningeyaanzisha pasipo sababu. Komamanga tulilinunua sokoni tukirudi. Persephone alikula punje za komamanga huko kuzimu, na ndizo zilizomfunga arudi huko kila mwaka; katika utenzi wa kale wa Demeter punje hiyo ilikuwa moja tu, kwa mshairi Mroma Ovid zilikuwa saba, na kwa kila punje watoto walitaka kujua angekaa kuzimu miezi mingapi. Utenzi wenyewe unasema theluthi moja ya mwaka.

Namkubali mzazi anayesema kwamba yapo mambo ya kusubiri. Wapenzi wa Zeus na hila alizotumia kuwapata nimeyaacha kwa sasa, nikitosheka kusema kwamba alikuwa na watoto kwa wanawake wengi, alificha, na Hera, mkewe, hakupendezwa. Mtoto wa pwani hahitaji maelezo marefu kuhusu uke wenza, ingawa ilinibidi kueleza kuwa hapa hapakuwa na ndoa ya pili wala taarifa kwa mke wa kwanza.

Kama ningeambiwa nichague mahali pamoja tu pa kumpeleka mtoto, ningechagua Jumba la Taifa la Makumbusho ya Akiolojia, mbele ya sanamu ya shaba nyeusi yenye urefu wa mita 2.09 iliyotolewa baharini karibu na rasi ya Artemision mwaka 1926 na 1928. Ni mwanamume mwenye ndevu, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele, wa kulia ameurudisha nyuma tayari kurusha kitu, na kitu hicho kimepotea. Kama kilikuwa radi, yeye ni Zeus. Kama kilikuwa mkuki wa ncha tatu, ni Poseidon. Watoto walianza kuiga mkao wake mpaka mlinzi akatukataza. Mwanangu alishikilia kuwa ni Poseidon, kwa kuwa ametoka baharini. Jioni ile dada yake alichukua fagio, akasimama vilevile mbele ya kioo, akatuonyesha kwamba mpini mrefu ukishikwa kwa mkono ule unamkata mtu uso, kwa hiyo mchongaji asingeweza kuharibu uso alioutengeneza kwa uangalifu namna ile. Hoja hiyo hiyo hutolewa na wataalamu wanaomkubali Zeus. Mdogo wake hakukubali, na mpaka leo hajakubali.

Kwa mtoto ambaye hajafika umri wa shule naona Hermes ndiye wa kuanza naye, na ndiye niliyeanza naye kwa huyu wa pili. Hermes alizaliwa alfajiri katika pango la mlima Kyllene. Mchana alikwisha kutoka, akakutana na kobe mlangoni, akatengeneza kinubi kwa gamba lake. Jioni akaenda kuiba ng'ombe hamsini wa kaka yake Apollo, akawaswaga kinyumenyume ili nyayo zao zionekane zikienda upande mwingine, kisha akarudi akajilaza kitandani na kujifunika nguo zake za uchanga kama asiyejua lolote. Mwanangu alisema huyo ni Sungura. Kisha akauliza kama mama yake hakumsikia akitoka. Nikamwambia kwamba Maia alikuwa macho, alimkaripia kwa kurudi usiku bila haya, naye Hermes akamjibu kuwa amechoka kukaa pangoni bila sadaka ilhali miungu mingine inapelekewa. Apollo alipompeleka mbele ya Zeus, kile kitoto kikaapa kwamba hakikuwapeleka ng'ombe nyumbani wala hakikuvuka kizingiti cha mlango, na Zeus akaangua kicheko. Mwanangu, ambaye alikuwa akisubiri kiboko, alinitaka nirudie pale pa kiapo.